Jina la Tovuti Yako Liko kwa Nani?

Mwenye karakana ya samani pale Keko, Dar es Salaam, alinifuata akiwa amekunja uso. Wateja walikuwa wanampigia simu kwamba barua pepe wanazomtumia zinarudi, na aliyefungua tovuti yake alikuta tangazo la kuuza jina ambalo yeye amelichapa kwenye risiti, kwenye kadi na ubavuni mwa gari la mizigo kwa miaka sita. Tulipofuatilia, akaunti ya usajili ilikuwa ya kijana aliyemtengenezea tovuti, na kijana mwenyewe hapatikani. Nilimwambia ukweli uliomuuma: mbele ya kampuni ya usajili, jina lile halikuwahi kuwa lake.

Wafanyabiashara wengi hawaelezwi jambo hili. Kikoa, yaani ile anwani inayoishia na .com, .co.tz au .co.ke, hukinunui mara moja ukamaliza. Unakisajili kwa muda, kwa .com mwisho ni miaka 10, kisha unalipia upya. Tovuti na barua pepe za ofisi hufuata kikoa kinakoelekezwa, na anayekielekeza ni yule awezaye kuingia kwenye akaunti ya usajili. Mwizi hana haja ya kugusa kompyuta yako hata moja.

Hata wataalamu huibiwa. Mwishoni mwa Januari 2021, watunzaji wa perl.com, tovuti ya lugha ya programu ya Perl, walikuta kikoa chao kimeelekezwa kwingine. Baadaye kikaonekana sokoni kwa dola 190,000 za Marekani. Walipochunguza, waliona kwamba akaunti iliingiliwa tangu Septemba 2020, na wakahisi msajili, yaani kampuni ya usajili, alidanganywa kwa nyaraka bandia. Kanuni za ICANN, taasisi inayoratibu majina ya intaneti duniani, huweka zuio la siku 60 la kuhamisha kikoa baada ya taarifa za mmiliki kubadilishwa. Wezi walisubiri. Desemba wakakihamishia kwa msajili mwingine bila kuigusa tovuti, Januari wakakihamisha tena, ndipo wakageuza anwani. Kikoa kilirudi kwa wenyewe mwanzoni mwa Februari, lakini kwa takriban miezi minne mali yao ilikuwa mikononi mwa wengine na tovuti ikifunguka kama kawaida.

Kwa hiyo tovuti kufunguka si ushahidi wa usalama. Akaunti iwe kwa jina la biashara yako, fundi apewe ruhusa ya kufanya kazi tu. Barua pepe ya akaunti hiyo isiwe ya kikoa hicho hicho. Kikiibwa, hata ujumbe wa kubadili nywila utamfikia mwizi. Namba za uthibitisho zitoke kwenye programu maalumu ya simu badala ya SMS, kwa sababu matapeli wa laini wanajua kuhamisha namba yako kwenda kwenye laini yao. Washa kufuli la uhamisho: kwa .com, taarifa za kikoa zitaonyesha neno clientTransferProhibited. Msimbo wa uhamisho usimpe mtu yeyote anayepiga simu akidai anatoka kwa msajili.

Na lipia mapema. Jina la .com lililoisha muda kwa kawaida hupitia siku 30 za kukombolewa kwa ada kubwa zaidi, kisha siku 5 za kusubiri kufutwa. Baada ya hapo yeyote anaweza kulichukua, na huyo wala si mwizi.

Fungua lookup.icann.org leo, andika jina lako la .com, utazame tarehe ya kuisha na kufuli. Kisha jaribu kuingia kwenye akaunti ya usajili wewe mwenyewe, bila kumpigia fundi. Ukishindwa, mpigie akukabidhi akaunti hiyo sasa, wakati simu yake bado inaita.