Gunia la Mahindi Halina Pasipoti

Je, wajua ugali ulioula jana ulitoka shamba gani? Ukiwa Nakuru, huenda mahindi yake yalilimwa hapo Bahati. Huenda pia yalivukia Busia au Namanga, kutoka Uganda au Tanzania.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka wa 1977, ikafufuliwa kwa mkataba uliotiwa sahihi Arusha Novemba 30, 1999. Umoja wa forodha ulioanza 2005 ulinuia kuondoa ushuru baina ya majirani.

Hata hivyo, Machi 2021 Kenya ilipiga marufuku mahindi ya nchi hizo mbili kwa sababu ya aflatoksini, sumu ya kuvu inayodhuru ini. Siku chache baadaye yaliruhusiwa, mradi yawe na cheti cha kupimwa.

Mkulima wa Bahati hulalamika mahindi ya nje yakishusha bei ya gunia lake. Mama wa mjini hushukuru unga ukishuka. Nani alaumiwe? Hakuna. Ila sumu haichagui mpaka: hata mahindi ya Bahati yasipokauka huota kuvu. Kwa hivyo mkulima, anika vyema. Nawe mnunuzi, punje zenye ukungu usizisage.