Helikopta Hairuki, Taa Inawaka

Kila baada ya miezi michache habari ni ileile. Kijana wa kijiji fulani ametengeneza helikopta kwa mabomba ya chuma na injini ya pikipiki. Watu wamejaa uani kwao, kiongozi wa serikali amefika na kupigwa picha akiwa ameketi kwenye kiti cha rubani. Mapanga yanazunguka, vumbi linatimka, watoto wanapiga kelele. Helikopta hairuki. Wiki inayofuata hakuna anayeuliza imeishia wapi.

Kijana mwenyewe simcheki. Kuchomelea fremu ile na kuifungia shafti inayozunguka bila kuvunjika ni kazi ya mtu mwenye mikono. Ninaowalaumu ni sisi waandishi, tunaopima ubunifu kwa ukubwa wa umbo na wingi wa watazamaji. Mimi napenda kuuliza maswali mawili tu. Kifaa kitafanya kazi Jumatatu, wageni wakishaondoka? Na kikiharibika, jirani ataweza kukifungua akakitengeneza?

Kwa maswali hayo, William Kamkwamba wa Malawi anapita bila shida. Njaa ilipoingia nchini mwao mwaka 2001, wazazi wake, wakulima wa wilaya ya Kasungu, walishindwa kulipa ada na yeye akarudi nyumbani. Katika maktaba ndogo ya shule ya msingi ya Wimbe alikuta kitabu cha sayansi chenye picha ya mitambo ya upepo, na Kiingereza chake hakikuwa kizuri, kwa hiyo alisoma michoro zaidi ya maneno. Kisha akaingia kwenye vyuma chakavu. Alipata feni ya trekta, shokomzoba, fremu ya baiskeli na dainamo yake. Mapanga aliyatengeneza kwa bomba la plastiki alilolipasha moto likalainika, akalipasua na kulilaza. Hakuwa na washa za kukazia bolti, akatumia vifuniko vya chupa za bia.

Umeme wenyewe ulikuwa kidogo, kama wati 12 hivi, lakini taa ziliwaka na majirani wakaja kuchaji simu. Mnara wa mtambo huo wa upepo ndio unaosifiwa siku zote. Mimi navutiwa zaidi na vitu vidogo vilivyokuwa ndani ya nyumba. Swichi zake zilikuwa spoku za baiskeli na vipande vya mpira wa ndara. Kikata umeme alikitengeneza kwa misumari iliyozungushiwa waya wa shaba na sumaku: umeme ukizidi, misumari nayo inageuka sumaku, inavuta, saketi inakatika kabla nyumba haijashika moto. Mwaka 2007, kwenye mkutano wa TED uliofanyika Arusha, alipanda jukwaani akaeleza haya kwa maneno machache mno, na dunia ikamfahamu. Kitabu kilifuata mwaka 2009, filamu mwaka 2019.

Arusha hiyohiyo yuko Bernard Kiwia, fundi baiskeli aliyegeuka mbunifu. Ametengeneza mashine za kuzungushwa kwa pedali, na chaja ya simu inayopata umeme kutoka gurudumu la baiskeli. Hakuna hata moja kati ya hizo inayomvuta mkuu wa wilaya atoke ofisini. Zote fundi wa kona anaweza kuzifungua kwa spana zake mwenyewe.

Msomaji anayetaka kuanza wikiendi hii asianze na mnara. Aanze na betri ya laptopu iliyokufa, ile ambayo mafundi wa Kariakoo jijini Dar es Salaam au wa barabara ya Luthuli kule Nairobi wanayo kwenye boksi chini ya meza na watakupa kwa pesa kidogo. Ndani ya betri nyingi za zamani mna seli sita za duara ziitwazo 18650. Namba hiyo ni vipimo vyake: kipenyo milimita 18, urefu milimita 65. Mara nyingi zimefungwa jozi tatu. Jozi moja ikichoka, kompyuta inaikataa betri nzima, na seli nne zenye uhai zinatupwa pamoja na mbili zilizokufa.

Pasua kasha taratibu kwa ubapa wa bisibisi, ukifuata mshono. Usichomeke ncha ndani, kwa sababu seli iliyotobolewa hulipuka moto. Ukishazitoa, chukua mita upime kila moja. Iliyo chini ya volti 2 iweke pembeni, usijaribu kuifufua. Zilizobaki zichaji hadi volti 4.2, kwa bodi nitakayoieleza hapa chini, uziache wiki nzima juu ya sakafu ya saruji, kisha upime tena. Iliyoshuka sana ina ugonjwa wa ndani. Iliyopata joto wakati wa kuchaji nayo haina nafasi nyumbani kwako, hata kama mita inaisifu. Betri hizi si za kuchomwa jalalani wala za watoto kuchezea. Mbovu zirudishe kwa fundi au kwa wakusanyaji wa taka za umeme.

Fundi mmoja wa mtaa wa Gerezani niliyekaa naye ana kanuni yake kuhusu ngozi ya plastiki inayovalishwa seli. Aliigusa kwa ukucha karibu na ncha ya chanya. "Hapa pakichanika, kaka, usiweke hata dakika," aliniambia, akakata kipande kipya na kukivalisha. Sababu ni kwamba mwili mzima wa seli ni hasi, mpaka ukingoni kabisa, kwa hiyo waya wa chanya ukigusa mahali palipochanika, seli imeunganishwa yenyewe kwa yenyewe.

Kinachofuata ni bodi ndogo ya kuchajia iitwayo TP4056, ambayo haizidi bei ya sahani ya chipsi mayai. Zipo za aina mbili. Chukua yenye matundu manne upande wa kutokea, mawili ya betri na mawili ya mzigo, kwa sababu hiyo ina ulinzi: seli ikiisha sana inakata, waya zikigusana inakata. Inakuja ikiwa imepangwa kuchaji kwa ampea 1, kasi kubwa kwa seli iliyozeeka. Anayeweza kulehemu abadilishe kirezista chake cha omu 1,200 aweke cha 2,400, na kasi itashuka nusu.

Taa zenyewe ni LED nyeupe tatu, kila moja na kirezista chake cha omu 47. Usizifungie kirezista kimoja zote tatu. Moja itanyonya zaidi na kufa mapema. Zikila miliampea 20 kila moja, jumla ni 60. Seli iliyochoka kidogo, yenye miliampea-saa 1,500 zilizobaki, itawaka kama saa 25 kabla ya kuhitaji chaja. Hiyo ni karibu wiki nzima ya mtoto kusoma saa tatu na nusu kila usiku, bila mafuta ya taa wala moshi wa koroboi. Kasha lako liwe kopo la Blue Band au chochote kilichopo, mradi ni plastiki.

Usilehemu moja kwa moja kwenye seli. Joto linaiua kimyakimya, hutajua mpaka mwezi ujao. Tumia kishikio cha betri chenye springi. Seli ikizeeka unaitoa na kuweka nyingine, na yeyote aliyewahi kubadilisha betri za tochi anaweza kufanya hivyo.

Ukishamaliza taa utaanza kutazama taka kwa jicho jingine. Printa mbovu ina fito za chuma zilizonyooka kabisa na mota zinazokwenda hatua kwa hatua. Huko Lomé, Togo, mwaka 2013 Kodjo Afate Gnikou alizikusanya mota na fito kama hizo kutoka printa na skana zilizotupwa, akaunda printa ya 3D kwa takriban dola 100 za Marekani. Kompyuta ya zamani ina feni, na kiendeshi chake cha DVD kina mota ndogo ya kuanzia kujifunzia.

Maikrowevu iache kama ilivyo. Kapasita yake hushika chaji inayoua hata baada ya kuchomolewa ukutani, na mafundi wazuri niliowauliza wote walinijibu kwamba wao wenyewe hawaigusi bila kuitoa chaji kwanza.