Pishi ya Haki Ipimwe Mkononi mwa Mlalamikaji

Kila ufikapo mwisho wa mwezi wa Juni, ofisi zote za umma hufunga hesabu za mwaka na kuandika taarifa za kazi zao. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo hufanya hivyo, na taarifa yake hufikishwa mbele ya Bunge. Leo twataka kuuliza jambo moja tu, nalo si dogo: Tume hii inaipima kazi yake kwa pishi gani? Twauliza kwa niaba ya wavuvi na wakulima wa pwani yetu, kuanzia Mtwara mjini hadi Msimbati, na kutoka visiwa vya Ghuba ya Mnazi hadi maingilio ya mto Ruvuma.

Nchi yetu si ngeni katika jambo hili. Mwaka 1966 Tanzania ilianzisha Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, nayo ilikuwa ya kwanza ya aina yake katika Afrika nzima. Chini ya Mwenyekiti wake wa kwanza, Chifu Erasto Mang'enya, wajumbe walizunguka mikoani, wakawasikiliza wananchi ana kwa ana, kisha wakampelekea Rais taarifa zao. Tume ya leo ilizaliwa kutokana na mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000 na Sheria Namba 7 ya mwaka 2001. Ilirithi kazi hiyo ya kusikiliza, ikaongezewa jukumu zima la kulinda haki za binadamu.

Namna Tume inavyopanga kazi yake yaeleweka. Huwapo mpango mkakati wa miaka kadhaa, kisha mpango wa kila mwaka, na bajeti inayoombwa Bungeni. Uliwahi kuwapo pia Mpango Kazi wa Kitaifa wa Haki za Binadamu wa mwaka 2013 hadi 2017, ulioigusa Serikali nzima. Ama kuhusu kupima, mwaka 2012 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa mwongozo unaotenganisha mambo matatu. La kwanza ni muundo, yaani je, sheria ipo? La pili ni mchakato, yaani je, kazi inafanyika? La tatu ni matokeo, yaani je, maisha ya mtu yamebadilika? Mawili ya kwanza ni mepesi kuhesabu. La tatu ni gumu, na kwa sababu hiyo ndilo linalosahauliwa upesi.

Sisi watu wa kusini tunayo sababu ya kuliogopa kosa hilo. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Bandari ya Mtwara yenye kina kirefu, na reli ya kwenda Nachingwea, vilijengwa kwa ajili ya karanga hizo. Lengo lilihesabiwa kwa mamilioni ya ekari. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, baada ya kumeza paundi zipatazo milioni 36, na katika miaka ya 1960 reli nayo ikang'olewa. Bandari tunashukuru tunayo hadi leo. Lakini wenye mpango walihesabu ekari na matrekta, na ghala likabaki tupu. Kazi ilikuwa nyingi, mavuno hayakuwapo.

Haki nayo yaweza kulimwa namna hiyo. Semina zaweza kuhesabiwa, vipeperushi vyaweza kuhesabiwa, na majalada yaliyofunguliwa na kufungwa yaweza kupangwa katika jedwali la kupendeza. Lakini jalada kufungwa si sawa na mtu kupata haki yake. Mfano upo, ingawa unatoka mbali na pwani yetu. Mwaka 2001 wanakijiji wa Nyamuma, wilayani Serengeti, waliondolewa katika makazi yao na nyumba zikachomwa moto. Wananchi 135, wakisaidiwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, walilalamika mbele ya Tume. Tume ilichunguza, na mwaka 2004 ikatoa mapendekezo yaliyowapa haki wanakijiji. Serikali haikuyakubali. Jambo likaenda mahakamani, na kufikia mwaka 2006 lilikuwa katika rufaa mbele ya Mahakama ya Rufani. Sasa tujiulize: katika jedwali la mwaka 2004, lalamiko hilo lingeandikwa kwamba limeshughulikiwa. Katika uwanja wa mtu aliyechomewa nyumba, lingeandikwaje?

Sheria yenyewe imetupatia pishi iliyo nzuri kuliko semina. Inasema kwamba mamlaka iliyopewa mapendekezo na Tume yapasa ieleze, katika muda usiozidi miezi mitatu, hatua ilizochukua. Isipofanya hivyo, Tume yaweza kufungua shauri mahakamani. Basi taarifa ya kila mwaka ituambie mambo haya: mapendekezo mangapi yalitolewa, mangapi yalijibiwa ndani ya miezi mitatu, mangapi yalitekelezwa, na ni ofisi zipi zilizonyamaza. Hapo Mbunge atajua la kuuliza, na mkuu wa idara atajua kwamba ukimya wake utasomwa hadharani.

Tena ipo pishi ya pili, nayo ni umbali. Tunaishukuru Tume kwa kuweka ofisi ya tawi huko Lindi kwa ajili ya kusini. Lakini Lindi ipo zaidi ya kilomita 100 kutoka Mtwara mjini, na mtu wa kisiwani hajafika Mtwara bado. Sheria yaruhusu lalamiko litolewe kwa mdomo, na halitozwi ada. Walakini nauli haikusamehewa, wala pepo za kusi hazingoji mtu amalize shauri lake. Wahenga walisema: dau la mnyonge haliendi joshi. Kama malalamiko kutoka visiwani ni machache, afisa asiharakishe kuandika kwamba huko hakuna shida. Yumkini kuna shida na hakuna nauli.

Mambo ya kusikiliza katika pwani hii hayakosekani. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilitangazwa mwaka 2000, nayo inazihifadhi mali ambazo hata wajukuu wetu watazihitaji. Hakuna mwenye akili atakayetetea uvuvi wa baruti. Lakini Sheria ya Hifadhi za Bahari ya mwaka 1994 yataka wanavijiji washirikishwe katika kupanga, na ni vema ijulikane walisikilizwa kiasi gani, hasa kijiji cha Nalingu ambako hifadhi ilipingwa kwa muda mrefu. Hali kadhalika gesi iliyogunduliwa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982. Mwaka 2013 ghasia kuhusu bomba la kwenda Dar es Salaam ziligharimu maisha ya watu na mali zao mkoani kwetu. Somo tunalolipata ni kwamba malalamiko yasiyopata mlango wa kupitia hutafuta dirisha, na dirisha huvunjwa.

Hatusemi haya kwa kuitupia Tume lawama zote. Tume haijipangii bajeti peke yake, wala haijiteulii makamishna. Kati ya mwaka 2018 na 2019 ilikaa kwa miezi mingi bila Mwenyekiti, na nahodha asipokuwapo, mabaharia hawawezi kuulizwa kwa nini jahazi halikufika. Kwa hiyo pishi tunayoitaka yaipima Serikali pia: je, imetoa fedha kwa wakati, imejaza nafasi, na imejibu mapendekezo?

Basi twapendekeza. Tume ipange safari za kusikiliza visiwani na vijijini kila mwaka, kama walivyofanya wazee wa mwaka 1966, na tarehe zake zifuate majira ya bahari. Halmashauri zibandike katika kila ofisi ya kijiji maelezo ya namna ya kulalamika. Na kila jalada linapofungwa, mlalamikaji aulizwe kwa lugha nyepesi: je, umepata ulichostahili? Jibu lake, likiwa ndiyo au hapana, lihesabiwe na lichapishwe.

Mchuuzi mwaminifu hapimi mchele gizani, na mnunuzi humwacha aangalie pishi kabla haijajazwa. Nasi twaomba jambo hilohilo.