NIMELIPA DENI, MBONA BADO NADAIWA?

WAHENGA walisema dawa ya deni ni kulipa. Sawa, hatubishi. Ila wahenga wetu hawakuishi zama za kompyuta. Mimi dawa hiyo niliinywa mpaka tone la mwisho, na ugonjwa ukabaki pale pale!

Mpenzi msomaji, vuta kiti nikupe mkasa mzima.

Mimi ni mfanyabiashara mdogo wa maharage Kasulu mjini, mkoani Kigoma. Nanunua kwa wakulima wa upande wa Mtabila, nawauzia wenye malori. Mwaka 2021 nilikopa shilingi 1,000,000 kwenye kampuni moja ya mikopo, jina lake naliweka kapuni. Msimu ukaenda kombo. Bei ikaporomoka, magunia yakanidodea stoo, marejesho yakanishinda. Simu za kudai zikawa haziishi, usiku na mchana.

Mwisho nikajikaza, nikaenda ofisini kwao.

"Kaka, sina ubishi, nadaiwa," nikamwambia afisa mikopo. "Ila hiyo 900,000 mnayotaka siiwezi."

Tukavutana weee, mpaka tukafikia mwafaka: nilipe 600,000 kwa awamu tatu, inayobaki wanisamehe. Nikalipa. Awamu ya mwisho niliuza hadi simu yangu ya kutambia. Jamaa akacheka: "Dada, nenda kwa amani, hapa hudaiwi tena." Nikatoka kifua mbele. Karatasi? Sikuomba. Nani anadai karatasi siku ya furaha?

KASHESHE YAANZA

Mwaka 2023 nikaibuka benki kuomba mkopo wa kuongeza mtaji kabla ya mavuno. Fomu nimejaza, picha nimepiga, mdhamini ninaye. Dada wa dirishani akabofya kompyuta, akaniangalia kwa huruma.

"Dada yangu, huku unasomeka una deni sugu."

Nilihisi watu wote kwenye foleni wamesikia.

Kwa wasiojua, mambo yako hivi. Benki na wakopeshaji wengine hupeleka taarifa za wateja wao kwenye kanzidata ya Benki Kuu, na zipo kampuni zenye leseni, kama Creditinfo, zinazotoa ripoti za wakopaji. Ukiharibu Kasulu, wa Dar es Salaam anakusoma. Na kompyuta haijui mlichekeana na nani. Inajua kilichoandikwa tu.

Nikarudi mbio kwa wale jamaa. Afisa wangu kaacha kazi kitambo! Kiti kakalia binti mpya, mpole kweli.

"Dada, mimi nasoma kilichomo," akaniambia. "Uliacha 300,000, na riba imeongezeka. Kama mlisameheana, makubaliano yenu yako wapi?"

Nikafungua mdomo, neno halikutoka.

SOMO LA MTABILA

Nyumbani nikamlilia mama. Mama yangu enzi hizo aliuza ndizi na mihogo kwa wakimbizi wa Burundi pale Mtabila, kabla kambi haijafungwa mwishoni mwa 2012. Siku hizi mahali pale ni kambi ya JKT.

"Mwanangu," akasema, "kule Mtabila mtu njaa ilionekana machoni, lakini bila kadi ya posho hapimiwi unga. Wewe na shule yako yote unalipa laki sita bila karatasi?"

Aibu niliyoipata, acha tu.

Kesho yake nikaanza msako. Simu nilishauza, lakini laini ilikuwa ile ile, nikaenda kwa watu wa mtandao wakanitolea orodha ya miamala. Malipo yote matatu yakaonekana, tarehe na namba zake. Kisha nikamtafuta yule afisa wa zamani, nikamkuta anauza vifaa vya ujenzi. Muungwana yule! Akaandika maelezo kwamba makubaliano yalikuwepo, akasaini.

Nikapeleka barua ya malalamiko yenye viambatisho vyote. Nakala yangu nikadai igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Nikapigwa danadana wiki sita, njoo kesho, bosi kasafiri. Nilipowaambia safari inayofuata ni Benki Kuu, tawi la Mwanza, bosi akarudi safarini siku hiyo hiyo!

Barua nikaipata. Ila msimu wa maharage ulishapita, na wenzangu walishavuna faida yao.

USIINGIE MKENGE

Kijana mwenzangu, ukikubaliana kupunguziwa deni, maandishi yatangulie na pesa ifuate. Yaseme wazi kwamba ukilipa kiasi hicho deni lote limekwisha, maana ukilipa kwanza, huna tena cha kuwashikia.

Ukimaliza, dai barua ya kumaliza deni. Iwe na jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba ya mkopo, jumla uliyolipa, salio sifuri, saini na muhuri. Risiti ya mwisho peke yake haitoshi, inaonyesha ulilipa kiasi fulani, haisemi umemaliza. Kama uliweka dhamana, kadi ya pikipiki au hati ya kiwanja, irudi mkononi siku hiyo hiyo.

Kisha waombe kwa maandishi warekebishe taarifa zako walikozipeleka. Baadaye chukua ripoti yako uhakikishe kwa macho. Mimi nilihakikisha, nikakuta nimesafishwa.

Na usidhani ni habari ya wafanyabiashara tu. Wenzetu wa Kenya walioomba kazi serikalini wamewahi kuombwa cheti cha kuonyesha hawana madeni mabaya. Kadeni ka simu kanaweza kukukosesha ajira!

Wakopeshaji wadogo nao wana sheria yao, ile ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Hivyo kabla hujachukua hela za watu, uliza leseni.

Barua yangu nimeitia laminesheni. Mama kaificha kwenye kopo la biskuti pamoja na vyeti vyangu vya shule. Juzi nilimuuliza kwa nini asiniachie mwenyewe.

"Wewe?" akanijibu. "Wewe si ndiye ulilipa laki sita ukarudi na kicheko?"