Msimbo ni wa Wote, Jina Lina Mwenyewe

Umeingia kwenye grupu ya WhatsApp ukakuta faili: "Apu mpya ya pesa, toleo la majaribio, ipate kabla ya wengine!" Nembo unaijua, jina unalijua. Kabla hujabonyeza, wacha tuongee kidogo kuhusu hilo jina.

Kuna programu zinazoitwa huria. Msimbo wake uko wazi, na yeyote anaweza kuusoma, kuubadilisha na kuwagawia wengine. Kivinjari cha Firefox ni mojawapo. Lakini leseni ya Mozilla, wenye Firefox, inasema wazi kwamba haikupi haki ya alama zao za biashara. Yaani msimbo chukua, ila ukiubadilisha na bado unataka kuuita Firefox, omba ruhusa kwanza.

Sheria hiyo huuma zaidi kwa matoleo ya mapema, yale ambayo bado yanapikwa. Likiharibika mikononi mwako, utalaumu jina uliloliona. Ndiyo maana kwa miaka kadhaa matoleo ya Firefox ya kila usiku, ambayo hayajaiva, yaliitwa Minefield, yaani uwanja wa mabomu ya ardhini. Jina lenyewe lilikuwa onyo! Siku hizi yanaitwa Nightly.

Mwaka 2006 mambo yalichacha. Debian, kundi la watu wanaojitolea kutengeneza mfumo huria wa kompyuta, walikuwa wakigawa Firefox yenye marekebisho yao. Nembo hawakuiweka, kwa sababu masharti yake hayakuwa huria. Mozilla wakasema jina na nembo haviachani, na marekebisho lazima wayaidhinishe. Debian wakakataa. Wakabaki na msimbo, wakauita Iceweasel, na jina la Firefox halikurudi kwao hadi 2016. Miaka kumi, jamani, kwa sababu ya jina.

Kwa maoni yetu Mozilla walikuwa na haki ya kulinda jina, ingawa waliobanwa hapo walikuwa watu waaminifu. Na hapo ndipo penye shida: alama ya biashara humzuia mwaminifu. Tapeli haombi ruhusa ya mtu. Anabandika nembo, anaita "toleo jipya", anatupa faili kwenye grupu. Sheria itamfikia baadaye, pengine wakati pesa zako zishaenda.

Kwa hivyo usiishie kwa jina. Pakua apu kutoka duka rasmi la simu yako, na uangalie jina la kampuni iliyoitoa. Majaribio halali pia yapo, ila mwenye apu huyatangaza mwenyewe na kukuelekeza pa kujiandikisha.

Simu ya Android ina kinga nyingine ambayo wengi hawaijui. Kila apu hutiwa sahihi ya mtengenezaji wake. Toleo jipya likija na sahihi tofauti, simu hukataa kuliweka juu ya lile la zamani, hata kama jina na nembo ni vilevile. Matapeli wanalijua hilo. Ndiyo sababu utasikia mtu akikwambia kwa upole, "Futa kwanza ile ya zamani, halafu uweke hii." Ukishaifuta, simu haina tena sahihi ya kulinganisha.