DHIS2: Kwa nini mwongozo wa mfumo una tovuti yake

Kila mwisho wa mwezi, zahanati na vituo vya afya mkoani Songwe, kuanzia Tunduma mpaka Ileje, hujumlisha takwimu za MTUHA. Takwimu hizo huishia kwenye mfumo wa DHIS2. Kituo kisicho na kompyuta hupeleka fomu za karatasi halmashauri, zikaingizwe huko.

DHIS2 ni programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mshirika wake. Ng'ambo ya mpaka, Zambia nayo inaitumia.

Shida iko wapi?

Programu hutoa matoleo mapya. Kitufe kinahama, menyu inabadilika. Ila mwongozo uliogawiwa kwenye semina unabaki vilevile, unapigwa fotokopi, na mtumishi mpya anafuata hatua ambazo hazipo tena.

Ndiyo maana miongozo ina tovuti yake, docs.dhis2.org. Faida ni tatu:

1. Kila toleo lina mwongozo wake. Unachagua namba ya toleo unalotumia.

2. Unatafuta kwa neno moja, hupekui kurasa mia.

3. Kosa likionekana, mtu yeyote anaweza kupendekeza sahihisho, maana maandishi yenyewe yanatunzwa wazi kwenye GitHub.

Mfano: sifuri

Kwa kawaida DHIS2 haihifadhi sifuri, mpaka msimamizi wa mfumo aruhusu kwa takwimu husika. Kwa hiyo "hakuna mgonjwa" inaweza kuonekana sawa na "hakuna aliyejaza". Kwenye mji wa mpakani kama Tunduma, wanakopita wasafiri na madereva wa malori kila siku, tofauti hiyo si ndogo: moja inasema hali ni shwari, nyingine inasema hatujui. Maelezo ya jambo hili yamo kwenye mwongozo.

Angalizo

Tovuti hiyo inaeleza programu, haielezi fomu za MTUHA. Maana ya kila safu kwenye fomu inatoka Wizara ya Afya, kwa hiyo swali hilo mpelekee mratibu wa MTUHA wa halmashauri.

Uanzie wapi? Ingia kwenye mfumo, fungua menyu ya jina lako uone namba ya toleo, kisha chagua namba hiyohiyo kwenye tovuti. Bando likiwa la kubana, hifadhi kwenye simu kurasa unazozitumia kila mwezi. Toleo likibadilika, zifute, uhifadhi mpya.