Ishara za Njiani: Vijana Wetu wa Kihonda na Tovuti Yao



Kila afikaye Kihonda macho yake huvutwa upande wa kusini, iliko milima ya Uluguru. Asubuhi kilele cha Lupanga hujifunika wingu, na jioni hujifunua. Kimo chake chapita meta 2,100 juu ya bahari, na kijana akitazamaye siku zote, hana budi siku moja ataka kukipanda. Ndivyo walivyo vijana wetu wa skauti. Hujifunza kufunga kamba, kupika nje, kusoma ramani, na kutembea milimani wasipotee.

Siku moja, baada ya sala ya Jumapili, wawili katika wakubwa wao walitujia. Wakasema, “Shikamoo, Mwalimu. Twataka kikundi chetu kiwe na tovuti katika intaneti, wazazi wapate habari zetu, na vikundi vya Dar es Salaam vitujue.” Tukawaitikia, tukapeleka neno kwa wazee, nao wazee wakakubali kwa furaha.

Baada ya majuma matatu wakatuonyesha kazi yao katika simu. Ilipendeza kweli. Palikuwa na picha kubwa ya mlima, na chini yake picha za watoto wote, kila mmoja na jina lake, umri wake na shule yake. Tena iliandikwa saa ya kukutana kila Jumamosi, na mahali penyewe. Nasi tulisema, “Vema, wanangu.” Tuliuona uzuri, hatari hatukuiona.

Haukupita muda mrefu, mama mmoja wa jumuiya yetu alikuja kwetu jua likitua. Binti yake wa miaka 12 alikutwa njiani na mtu asiyemjua. Mtu huyo alimwita kwa jina, akataja shule yake, akasema ametumwa na kiongozi wa skauti amchukue. Mtoto, kwa kuwa alifunzwa vema nyumbani, alikimbilia dukani penye watu, na yule mtu akaenda zake. Mama akatuuliza, “Mwalimu, mtu huyu alilipata wapi jina la mwanangu?”

Hatukuwa na hakika, wala hatuna hata leo. Walakini tulijua ya kuwa kila neno alilolisema lilikuwa limeandikwa pale, na ya kuwa sisi ndio tuliosema vema. Tukamwomba mama radhi, na usiku ule ule tovuti ikafungwa.

Vijana walihuzunika, wakidhani kazi yao imekufa. Ndipo tulipokumbuka ishara za njiani. Skauti, tangu Baden-Powell alipoanza kambi yake ya kwanza kule Uingereza mwaka 1907, hufundishwa kuwaachia alama wale wajao nyuma. Mshale wa vijiti maana yake, pita hapa. Vijiti viwili vilivyopishana maana yake, usipite hapa. Basi tukawauliza, “Mshale wamwambia nani habari za njia?” Wakajibu, “Kila apitaye.” Tukauliza tena, “Je, wamwambia pia jina la mtoto aliyetangulia, na nyumba yao ilipo?” Wakanyamaza, kisha mmoja akasema, “Hapana, Mwalimu. Waonyesha njia tu.”

Neno hilo likawa msingi wa tovuti mpya. Twaandika hapa jinsi ilivyojengwa, ili vigango vingine vijifunze bila kuumia.

Kwanza, yaandikwe yale mzazi ayaulizayo: wanakwenda wapi, mwezi gani, wanaongozwa na watu wazima wa namna gani, na mtoto achukue nini. Kwa safari ya mlimani yaandikwe maji ya kunywa, viatu vilivyofunga mguu, na nguo ya baridi, maana joto la Kihonda halifiki kule juu. Yaandikwe pia ya kuwa msitu wa Uluguru ni Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu mwaka 2008, nao waingiao hutakiwa kuwa na kibali. Na ya kuwa wakati wa masika njia huteleza, basi safari huahirishwa. Haya ndiyo mshale wa vijiti.

Pili, mtoto asitajwe. Jina, umri, shule, saa na mahali pa kukutana, hayo hupelekwa kwa wazazi wenyewe kwa simu. Picha ziwe za kundi kwa mbali, au za migongo ikipanda mlima, tena kwa idhini ya mzazi iliyoandikwa. Yafaa kujua ya kuwa simu nyingi huficha ndani ya picha habari za mahali ilipopigwa. Habari hizo zifutwe kwanza. Nchi yetu nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo huhesabu habari za watoto katika zile nyeti. Lakini hata pasipo sheria, mtoto ni amana.

Tatu, ukurasa uwe mwepesi. Mama anunuaye kifurushi kidogo cha intaneti asikimalize kwa kutazama picha zetu. Picha kumi za megabaiti 4 kila moja ni megabaiti 40. Zikipunguzwa hata kilobaiti 100 kila moja, zote pamoja ni megabaiti 1 tu. Tovuti ya kwanza duniani, aliyoitengeneza Tim Berners-Lee kule CERN, Uswisi, na kufunguliwa kwa watu wote mwaka 1991, ilikuwa maneno matupu, nayo ilitosha kazi yake.

Nne, ishara ya zamani iondolewe. Mshale ulioachwa njiani baada ya safari humpoteza apitaye kesho. Vivyo hivyo tarehe iliyokwisha kupita, au namba ya simu isiyotumika. Kwa hiyo kila mwanzo wa mwezi kijana mmoja husoma kurasa zote na kufuta yaliyochakaa. Tena neno la siri hushikwa na watu wawili, mmoja wao mtu mzima. Na jina la tovuti, lile liishialo kwa.or.tz, huandikishwa kwa kikundi, si kwa kijana mmoja. Kijana huenda chuoni au kuoa mbali, na akiondoka na ufunguo, nyumba hubaki imefungwa.

Kazi hiyo iliwachukua miezi miwili. Ilipokwisha, tulimwita yule mama awe wa kwanza kuitazama. Aliisoma polepole hata mwisho, akitafuta jina la binti yake, asilione. Akasema, “Sasa naona mnakokwenda, wala sioni mnakwenda na nani. Binti yangu aende.” Naye binti alikwenda na wenzake mpaka Morningside, akarudi na matope hata magotini, akicheka.

Baden-Powell alifariki Nyeri, Kenya, mwaka 1941, na juu ya kaburi lake imechorwa ishara moja ya njiani: duara yenye nukta katikati. Maana yake, nimekwenda nyumbani. Vijana wetu wameichukua ishara hiyo. Jioni ya kila safari, mtoto wa mwisho akiisha kupokewa na mzazi wake, ndipo huiweka katika tovuti, pasipo neno lingine.

Enyi wazazi, msiwakataze watoto mlima, wala msiwakataze kazi hizi mpya. Ketini nao, mkaulize kama yule mama alivyouliza. Nasi tuwaongozao tusiseme vema upesi.